Kumi ya Mlowezi

Wasifu wangu waliuandika watu wa kampuni, na ndani ya kurasa zake nne mlikuwa na uongo mmoja tu. Uongo huo haukuwa wao. Ulikuwa wangu.

Mhandisi Arbogasti aliniletea ofisini siku tisa kabla Baraza la Dawa za Akili halijafika kumpa Mlezi, kifaa chao cha dawa kinachokaa chini ya ngozi, cheti cha kusambazwa nchi nzima. Aliuweka mezani kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayetua keki ya harusi. Karatasi nzito, picha yangu juu yake, nikitabasamu tabasamu ambalo sikumbuki kulitoa. Walikuwa wamenipiga pasi makunyanzi yote.

"Soma, Daktari," alisema. "Tunaona tumekutendea haki."

Nilisoma. Dokta Nyendo Masima, bingwa wa magonjwa ya akili, mtaalamu wa dawa zake. Alisomea wapi, alitafiti nini, na jinsi alivyobaki katika Hospitali ya Akili ya Mlowezi miaka ishirini na miwili wakati wenzake walipokimbilia pwani. Kubaki huko walikuandika kana kwamba nilikula kiapo cha utawa. Ukweli ni kwamba niliomba uhamisho mara mbili na mara mbili nikanyimwa. Hilo silihesabu kuwa uongo. Ni adabu ya wasifu. Uongo ulikuwa ukurasa wa tatu: "Kwa dozi kamili, zilizoandikwa na kutolewa bila kukosa, wodi zake zilipata matokeo bora kuliko hospitali zote za akili nchini. Ndiyo maana Mlezi alifundishwa kwa mafaili yake."

"Hapo pamekaaje?" aliuliza Arbogasti. Alikuwa ameona kidole changu kimesimama.

"Karatasi yenyewe nzuri sana," nilimwambia. "Ningekuwa nauza vitumbua ningefungia."

Alicheka. Watu wa kampuni hucheka ukiwatukana. Nadhani wanaendeshewa semina.

Sikumwambia kilichonisimamisha kidole, kwa sababu mwenyewe sikuwa nimekijua bado. Niliona tu kwamba sentensi ile ilinikera mahali fulani, kama punje ya mchanga kwenye soksi, nikadhani ni majivuno yao yanayonikera. Nilikuwa na mazoea ya kuwadharau, na dharau ni kitu kizuri sana cha kujifichia.

*

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu ni siku ya kuwajaza Mlezi dawa. Nilimkuta Sista Yunisi Chibago wodi ya tatu akipita kitanda kwa kitanda na bomba fupi la sindano. Kila mgonjwa alipandisha mkono wa kushoto wa shati bila kuambiwa. Karibu na bega, chini ya ngozi, palikuwa na uvimbe mdogo kama haragwe, na ndani ya uvimbe taa ya kijani iliyopenya ngozini. Yunisi alichoma, akasukuma, akapangusa.

"Kupe wako ameshiba, baba," alimwambia mzee wa kitanda cha kwanza. "Wewe je, umekula?"

Mzee hakujibu. Taa yake ilikuwa kijani.

Yunisi alikuwa muuguzi hapa kabla yangu. Ana miaka hamsini na tisa na miezi saba, na miezi hiyo huitaja kwa sauti kila anayemuudhi, maana akifika sitini anastaafu na kwenda kufuga kuku. Mlezi alipoletwa alimpa jina la kupe siku ileile, na jina likashika kwa kila mtu isipokuwa wahandisi.

Arbogasti alikuwa nyuma yangu na kibao chake cha kioo. "Mia mbili na kumi na wawili," alisema, "na wote kijani. Hakuna hospitali duniani yenye..."

"Duniani umefika wapi?" Yunisi alimuuliza.

"Nasema kwa takwimu, Sista."

"Ahaa. Kwa takwimu umefika mbali."

Kijani maana yake utulivu. Mlezi huisikia sauti kupitia mfupa, huhesabu hatua, huonja jasho, hupima misuli ya uso imekunjika mara ngapi kwa saa, kisha huamua mwenyewe amwage dawa kiasi gani kwenye damu. Ni kazi niliyoifanya kwa macho na masikio karibu miaka thelathini, na sikatai kwamba yeye hachoki. Lakini mimi nikisema mgonjwa ametulia, nina maana kwamba anaweza kugombana na jirani yake juu ya bei ya nyanya bila kumrushia jiwe. Kwa Mlezi, uso usiokunjika, sauti isiyopanda na mkono usiopunga ndiyo afya yenyewe. Kwa kipimo hicho, watu wenye afya kuliko wote hapa Mlowezi wako chumba cha maiti.

Kitanda cha kumi na nne alikaa Hosea Mlewa, fundi cherehani. Hosea alikuja kwetu mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na tisa, akiamini kwamba mitaro ya mji mzima inamnong'oneza jina lake. Tangu hapo aliishi zaidi nje kuliko ndani, na cherehani yake barazani, mke, watoto wawili na neno la utani kwa kila mtu. Miezi mitano iliyopita wagonjwa wote wa zamani waliitwa kuja kuwekewa Mlezi. Hosea alikuja akicheka. Hakutoka tena.

"Hosea," nilimwita. "Twende tangini."

Hiyo ilikuwa desturi ya Mlowezi. Kabla ya Mlezi, hakuna daktari aliyebadilisha dozi ya mtu kabla hajatembea naye hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Mnapokwenda, daktari hutembea nyuma, akitazama mikono na miguu. Mnaporudi, hutembea ubavuni, akisikiliza. Wataalamu waliotutembelea walituona washamba, nasi tuliwaacha watuone hivyo. Hosea alikuwa mtundu wa safari ile. "Mama Vidonge," angesema, "unanitembeza kama mbuzi wa mnadani. Nishike basi na meno, uone kama bado nauzika."

Siku hiyo alitangulia bila neno. Mikono ilining'inia kama mikono ya koti lililotundikwa. Hakuinua nyayo, alizisogeza. Tulipofika tangini sikuona haja ya kumtazama zaidi; mwanafunzi wa mwaka wa tatu angeandika jibu. Ilikuwa dawa iliyozidi. Mate yalikuwa yamemlowesha shati hadi kifungo cha tatu.

"Unajisikiaje?"

Alifikiri muda mrefu. "Ulimi mzito," alisema. Kisha, baada ya muda mwingine: "Cherehani imenikataa."

Tuliporudi Yunisi alinisubiri mlangoni. Alikuwa amemfukuza Arbogasti kwa kumtuma akaangalie taa ya choo.

"Jana mchana amepaliwa na ugali," aliniambia kwa sauti ya chini. "Tonge nimelitoa kwa vidole viwili. Ameshakuwa rangi ya jivu, macho yamemtoka, namtazama mkononi: kijani! Kupe hajui hata kama mwenye damu anakufa."

Kisha akafungua kabati la shuka. Hosea alikuwa na kazi ya kutushonea foronya za wodi, ishirini kila mwezi, na Yunisi kwa tabia yake alizifunga mafungu na kubandika jina la mwezi. Alinipangia kitandani foronya moja ya kila mwezi. Ya Januari ilikuwa na mshono ulionyooka kama mstari wa rula. Ya Februari ilianza kuyumba kwenye kona. Ya Machi ilipita nje ya kitambaa, ikarudi, ikapita tena. Ya Aprili ilikuwa na tone kavu la damu na mshono wenye urefu wa kidole. Ya Mei haikuwapo.

*

Nilimfuata Arbogasti chumba cha mashine na kumtaka ashushe dozi ya Hosea.

"Siwezi kushusha, Daktari. Mlezi mwenyewe ndiye anayeshusha, akiona sababu."

"Sababu nimeiona mimi."

"Yeye hajaiona." Alinionyesha kioo. Mstari wa Hosea ulikuwa umelala kama maji ya bwawa. "Tazama wiki mbili za kwanza. Miguu ilihangaika, hatua nyingi, hakai. Mlezi akaongeza. Akaongeza tena. Halafu, umeona? Shwari."

Niliona. Miguu ilihangaika kwa sababu ya dawa. Ni dhara tunalolifundisha mwezi wa kwanza: mtu aliyezidishiwa dawa hii ya haloperidoli hawezi kukaa chini, ukidhani ni ugonjwa ukamwongeza, unamzamisha. Mlezi alimwongeza hadi misuli ikaganda, kisha akajipongeza.

"Na alianzia wapi?" niliuliza. "Dozi ya kwanza kabisa."

"Miligramu kumi. Na hashuki chini ya hapo."

"Kwa nini kumi? Kwingine kote anaanzia ngapi?"

"Tano. Au chini." Uso wake uling'aa, alikuwa amelisubiri swali hilo muda mrefu. "Hapo ndipo uzuri ulipo. Ni mafaili yako, mama. Elfu sita. Watu wa nyanda hizi wanapona kwa dozi mara mbili ya watu wa pwani, na hawapati madhara! Tulijiuliza mwaka mzima. Jibu ni ini. Ini la watu wa huku linachoma dawa haraka. Tumeshaandika makala, na jina lako limo. Mikoa kumi na moja ya bara tutaianzishia kumi."

Nilikaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa.

Ini. Walikuwa wamechukua mafaili yangu, wakavumbua kiungo kipya cha mwili wa binadamu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuja kutembea hadi tangini. Nilitaka kumcheka hadi nilie. Lakini punje ya mchanga kwenye soksi ilikuwa imegeuka jiwe, na jiwe hilo nililiokota mwenyewe.

"Mafaili yale si sahihi," nilisema.

"Samahani?"

"Tuliandika kumi. Tulitoa tano."

Arbogasti alikwenda kufunga mlango. Sikuwahi kumwona akitembea haraka hivyo. Alirudi, akapanguza kioo kilichokuwa safi.

"Mama," alisema, "nisikilize kama mwanao. Kubadili kipimo kunahitaji ushahidi, na ushahidi tulio nao ni wewe. Ukisema wewe si sahihi, hakuna cheti, na aliyedanganya serikali ni wewe na wauguzi wako. Sasa, kuna njia. Baraza likishapitisha, kila baada ya miezi minane tunarekebisha Mlezi wote. Tutaingiza tano kimyakimya. Nani atajua? Hakuna atakayeumia."

"Miezi minane."

"Saba na siku kadhaa."

"Hosea alipaliwa jana."

"Tuwape uji," alisema. Nami nilijua kwamba hakusema kwa ukatili. Alidhani kweli ametoa ushauri.

*

Siku zile nane nilizipitisha kwa aibu ya mtu aliyekutwa akiiba kanisani. Nitaeleza jinsi ilivyoanza, na sitajipamba.

Nilipofika Mlowezi, ghala la dawa la mjini lilikuwa linatugawia kulingana na matumizi ya robo mwaka iliyopita. Ukiandika umetumia kidogo, unaletewa kidogo zaidi. Na nje ya geti walikuwapo watu ambao hawakuwa kwenye orodha yoyote: wachungaji wa ng'ombe, wanawake walioachwa, watu waliotembea siku mbili wakimvuta kaka yao kwa kamba. Ghala lilisema hao hawapo. Basi tukaandika kumi kwa aliyekuwapo, tukampa tano, na tano nyingine ikaenda kwa asiyekuwapo. Yunisi alikata vidonge kwa wembe juu ya kisahani cheupe. Muuguzi mgeni akija alifundishwa siku ya kwanza: hii ni kumi, na hii ni kumi ya Mlowezi.

Kisha likatokea jambo ambalo hatukulitarajia. Wagonjwa wa nusu walifanya vizuri kuliko wa nzima wa hospitali nyingine. Ilikuwa nusu ya dawa, lakini pamoja nayo palikuwa na safari ya tangini, na uji, na Yunisi akiuliza nani kagombana na nani. Takwimu zetu zikapanda. Mjini wakaanza kunialika kwenye mikutano. Nikasimama mbele ya watu nikiwa na michoro ya rangi, na kwenye michoro palikuwa na kumi, na sikuona haya, kwa sababu uongo ukikaa nao miaka ishirini unakuwa kama kabati la chumbani: huligongi tena hata gizani.

Kampuni ilipokuja kuomba mafaili niliwapa siku hiyohiyo. Walikuwa wamenisifu. Hakuna sababu nyingine.

Ndiyo maana dharau yangu kwa Arbogasti ilianza kunishinda kuimeza. Yeye aliipenda taa ya kijani. Mimi nilipenda nini?

Jumanne jioni, siku moja kabla ya Baraza, nilimwita Yunisi chumba cha dawa. Nilimwambia nimeamua kusema, na kwamba nitasema niliandika na kukata mwenyewe, peke yangu. Nilikuwa nimeipanga hotuba hiyo vizuri. Nilifika katikati.

"Wewe ulikata?" alisema. "Wewe, Nyendo? Huwezi kukata hata kitunguu."

"Yunisi, una miezi mitano ustaafu."

"Minne na siku kumi na mbili. Usinihesabie." Alivuta kiti, akakikalia kinyumenyume, kama anavyofanya akitaka kugombana. "Nimekata vidonge miaka ishirini na moja. Huyu wembe, yule wembe, nimejikata mpaka kidole hiki hakina alama. Leo unataka uwe shujaa peke yako, mimi nibaki mama wa kusukuma toroli la chai? Nani kakutuma?"

"Watakunyang'anya kiinua mgongo."

"Wanyang'anye. Kuku hawaulizi cheti." Sauti yake ikashuka. "Unajua kinachoniuma? Tulikata ili watu wapate. Kila nusu ilikuwa na mtu wake. Sasa hao kupe wamezichukua zile nusu zetu zote, wamezirudisha kwa watu walewale kwa nguvu, mara mbili. Ningejua, ningemeza mwenyewe."

"Ningeweza kumpasua Hosea leo nikamtoa kupe wake," nilisema. "Tungemwokoa yeye."

"Na kitanda cha kumi na tano?"

Yunisi alisimama, akafungua kabati la chini, akatoa kisahani cheupe kilichojaa mikwaruzo myembamba, maelfu kwa maelfu, hadi katikati pake palikuwa pamegeuka kijivu.

"Beba foronya," alisema. "Mimi nitabeba hiki."

*

Baraza lilikaa ukumbi wa chakula, watu watano nyuma ya meza iliyofunikwa kitambaa cha bluu. Kampuni ilileta maua na maji ya chupa. Walipanga wagonjwa thelathini mstari wa mbele, mashati yamenyooshwa, mikono ya kushoto imekunjwa, taa thelathini za kijani. Wajumbe wawili walipiga picha. Hakuna aliyejiuliza mbona watu thelathini wamekaa robo saa na hakuna aliyekohoa, kujikuna wala kumtazama mgeni.

Kwa utaratibu wa Baraza, mtaalamu husomewa wasifu wake, kisha huulizwa kama anauthibitisha. Mwenyekiti, Bi Hidaya Mnyone, mama mkavu mwenye miwani ya kamba, alisoma yote kurasa nne bila kupandisha sauti wala kuishusha. Alipofika mwisho akanitazama.

"Dokta Masima, unathibitisha?"

"Ukurasa wa kwanza, wa pili na wa nne nathibitisha, ingawa zimejaa sifa. Wa tatu siuthibitishi."

Arbogasti, aliyekuwa amekaa karibu na maua, alifumba macho.

Nilieleza. Ghala, orodha, kumi ya kuandika na tano ya kutoa. Sauti ilitoka kavu, ileile ninayoitumia kuwaambia ndugu wa mgonjwa habari mbaya. Kisha nikapitisha foronya, Januari hadi Aprili, na kuwaomba wazipokezane. Mjumbe mmoja alizishika kwa ncha za vidole. Mwenyekiti alivua miwani, akaisogeza ya Machi karibu na uso, akaufuata mshono kwa ukucha hadi ulipotoka nje ya kitambaa.

"Nani kashona hizi?"

"Huyo wa nne kutoka kushoto. Mwambie anyanyue mkono."

"Hosea," Mwenyekiti aliita, maana jina lilikuwa limebandikwa kifuani mwa Hosea. "Nyanyua mkono, baba."

Tulisubiri. Mkono wa Hosea ulianza kupanda kutoka gotini. Ulipanda polepole, ukikwama na kuachia, kama kengele nzito inayovutwa na kamba mbovu. Ulitetemeka njia nzima. Mate yalianguka juu ya suruali. Ulipofika usawa wa kifua, mtu fulani nyuma ya ukumbi alisema, "Basi, jamani, basi."

Taa ilibaki kijani.

"Na hili ini?" Mwenyekiti aliuliza, akigonga makala iliyokuwa mbele yake. "Ini la watu wa huku?"

"Ini lao ni kama lako, Mheshimiwa. Tofauti ilikuwa wembe."

Hapo Yunisi alisimama bila kuitwa, akatembea hadi mezani na kukiweka kisahani juu ya kitambaa cha bluu. "Wembe nilishika mimi," alisema. "Muuguzi Yunisi Chibago. Andikeni jina vizuri, nina 'Chi' mwanzoni."

Bi Mnyone alikitazama kisahani muda mrefu kuliko alivyotazama wasifu wangu.

"Dokta Masima," alisema mwisho, "unaelewa kwamba umekiri kughushi kumbukumbu za wagonjwa kwa miaka ishirini na miwili?"

"Ishirini na moja na nusu. Miezi sita ya kwanza nilikuwa mwaminifu. Watu wengi walirudi kwao mikono mitupu."

"Hilo silo nililokuuliza."

"Naelewa, Mheshimiwa."

"Na hujutii?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. "Nusu sijutii," nilisema. "Kuwaandikia kumi najutia. Ningepaswa kuandika tano na kuwapigia kelele watu wa ghala hadi wachoke. Niliona uongo ni rahisi kuliko kelele. Huyo aliyenyanyua mkono ndiye anayelipia urahisi wangu."

Leseni yangu ilisimamishwa saa nane na dakika kumi mchana. Saa nane na nusu Baraza liliagiza kila Mlezi wa Mlowezi afungwe, na mikoa kumi na moja isubiri. Kazi ya kufunga aliifanya Arbogasti mwenyewe, kitanda kwa kitanda, akigusa kibao chake. Taa zilizima moja moja. Alipofika kitanda cha kumi na nne alisita.

"Nilidhani ni shwari," aliniambia. Hakuwa anajitetea. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba wimbo alioupenda tangu utotoni ulikuwa kilio.

Nilikuwa na tusi tayari mdomoni, zuri, la kumaliza. Nikalimeza. Wakati wa kumtukana ulikuwa umepita. Tena, kwa jambo hili, tulikuwa ndugu.

*

Baada ya wiki tatu nilirudi Mlowezi saa za kuona wagonjwa. Nilijiandikisha getini kama mgeni, na mlinzi aliyenipigia saluti miaka ishirini na miwili aliniuliza ninamwona nani. Nilikuwa nimebeba koti langu jeupe ndani ya mfuko. Barua ilisema mali ya hospitali irudishwe.

Yunisi alikuwa bado kazini, akisubiri kuitwa na baraza la wauguzi. Alinionyesha faili la Hosea kabla hata ya kunisalimu. Limeandikwa na daktari mpya, na chini yake Yunisi ametia sahihi ya aliyetoa: miligramu tano. Sasa tano ilikuwa tano. Niliisoma mara mbili.

Kupitia dirishani nilimwona Arbogasti njia ya tangini, nyuma ya mzee wa kitanda cha kwanza, kibao mkononi.

"Weka kioo chini!" Yunisi alimpigia kelele. "Tazama mikono!"

Arbogasti aliweka kioo juu ya jiwe.

Hosea alikuwa barazani. Uso ulikuwa umeanza kumrudia, upande mmoja mbele ya mwingine. Mikono bado ilitetemeka. Alinitazama kuanzia viatuni.

"Mama Vidonge. Nasikia wamekuvua."

"Wamenivua."

"Leta hilo koti."

Nilimpa. Jina juu ya mfuko, Dk. N. Masima, alikuwa amelitarizi yeye mwenyewe kwa uzi wa bluu miaka mitatu iliyopita. Aliomba wembe, Yunisi akampa. Alianza kukata nyuzi, moja baada ya nyingine. Mkono ulitetemeka, akausubiri utulie, akakata.

"Kushona bado," alisema. "Kufumua naweza."

Ilimchukua karibu saa nzima. Aliponirudishia, pale palipokuwa na "Dk." palibaki vitundu vidogo vidogo, safu mbili. N. Masima hakuigusa.

"Hospitali wanalitaka," nilimwambia.

"Hospitali ina makoti." Alisimama, akishika ukuta. "Vitundu vitajifunga ukifua. Au visijifunge. Twende tangini."

Nilijipanga nyuma yake kama siku zote. Alitikisa kichwa.

"La, mama. Wewe tangulia. Leo ninayetazama ni mimi."

Nilitangulia. Nyuma yangu nilisikia nyayo zake zikiinuka na kutua, zikiinuka na kutua, nami nikajitahidi kupunga mikono.